Siti za mbele za gari la zamani: kubadili kipande, kununua kava iliyoshonwa, au kushona mwenyewe

Siti ya mbele ikishachanika, wengi huanza kwa kuuliza rangi na aina ya ngozi. Hilo ni swali la mwisho. Njia zipo tatu: kubadili kipande kimoja kilichochoka, kununua kava iliyoshonwa tayari kwa modeli yako, au kukata na kushona kila kitu mwenyewe. Kinachoamua ni vitu vilivyo chini ya kava, yaani sponji, springi na fremu. Kava mpya ikivishwa juu ya sponji iliyobonyea hukunjamana mapema, hata kama imeshonwa na fundi bingwa, kwa sababu imekatwa kwa vipimo vya siti iliyojaa. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza siti ikiwa imeshatoka garini.

Kava za kuvalisha kwa juu, zile za lastiki na vikulabu, hatuzihesabu. Zinaficha tu, na mchanga ukiingia katikati unaisaga ngozi ya chini taratibu.

Itoe na uikague kabla ya kuagiza chochote

Boliti za reli za siti hukaa juu ya sakafu inayopata maji, kwa hiyo kutu ni jambo la kutarajia. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Nyuzi za boliti zinazochomoza chini ya gari zisugue kwa brashi ya waya, ndipo uweke spana. Boliti ikikatikia ndani ya nati iliyochomelewa kwenye bodi, kazi ya siti imegeuka kazi ya kuchomelea. Siti ikiwa na waya za umeme, tenganisha betri kwanza. Na kama gari lako ni la karibuni kiasi cha kuwa na mfuko wa hewa ubavuni mwa siti, acha: mshono wa kava hiyo umetengenezwa upasuke kwa namna maalumu na si wa kuigwa nyumbani.

Geuza siti chini juu. Bonyeza sponji kwa kidole kupitia nafasi za springi. Sponji hai hurudi pale pale, iliyokufa hubaki na shimo au humwaga unga wa njano sakafuni. Ukiona unga huo, vaa barakoa, na ujue kwamba kubadili kipande kimoja cha kava hakutasaidia kitu. Springi za zigizaga hukatika karibu na klipu zinazozishika kwenye fremu, mara nyingi upande wa nje wa dereva, anaposhukia na kupandia. Hapo hapo kagua nyufa kwenye fremu, hasa mahali egemeo linapoungana na kikalio.

Si kila gari lina springi. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ina mikanda ya mpira au diaframu ya mpira iliyonyooshwa kwa ndoano, kutegemea mwaka. Mpira huo ukizeeka huonyesha nyufa ndogo ukivutwa, kisha unalegea na dereva anakaa chini kuliko abiria. Mercedes-Benz W123 ina springi na juu yake tabaka la nywele na nyuzi za nazi zilizogandishwa kwa mpira. Tabaka hilo halibonyei kama sponji. Linavunjikavunjika kwenye kingo na kuacha springi zichome kava kutoka ndani. Gari moja hadi lingine, ugonjwa wa siti ni tofauti, na dawa pia.

Kubadili kipande kimoja

Ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na inafaa kwa hali moja tu: ubavu wa nje wa siti ya dereva umechanika au mshono wake umefumuka, lakini vipande jirani bado ni laini. Kipimo chake ni rahisi. Shika vipande viwili pande zote mbili za mshono mzima na uvute kwa nguvu za vidole. Matundu ya sindano yakibaki ya duara, ngozi ina uhai. Yakirefuka na kuwa kama vijitundu vya kifungo, ukishona kipande kipya ngozi ya jirani itachanika kwenye mstari ule ule wa mshono, na utakuwa umefanya kazi mara mbili.

Fumua mshono kwa wembe kwa kukata uzi mmoja mmoja, usivute. Kipande cha zamani ndicho kigezo. Unapounganisha, sindano lazima iingie kwenye matundu ya zamani ya kipande jirani, hivyo zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu baada ya tundu. Inachosha, lakini ukitoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani unageuza ngozi kuwa karatasi ya stempu.

Udhaifu wa njia hii ni rangi. Kipande kipya hakiwezi kufanana na kilichopigwa jua miaka arobaini. Ngozi inaweza kupakwa rangi ya ngozi ili zilingane, na hapo linganisha na uso unaoonekana, si na ile sehemu mbichi iliyojificha chini ya pindo. Reksini, yaani ngozi bandia ya plastiki, haina msamaha huo: rangi hushika vibaya na kubanduka pale mwili unaposugua. Kwa reksini, afadhali ubadili kipande kile kile kwenye siti zote mbili ili tofauti ionekane kuwa imekusudiwa.

Kava iliyoshonwa tayari

Kwa magari yenye wapenzi wengi, kama Volkswagen Beetle, Ford Mustang, Mini, MGB na Jaguar E-Type, kava za namna hii zinatengenezwa kwa wingi na nyingi zinafuata mishono ya awali. Mtu asiye na cherehani anaweza kumaliza siti mbili kwa mwisho mmoja wa wiki. Kama gari lako limo katika kundi hili na hujawahi kushona, chukua njia hii. Fedha unayofikiria kuokoa kwa kushona mwenyewe itaishia kwenye ngozi iliyokatwa vibaya.

Lakini neno «inafaa modeli yako» halitoshi. Siti za modeli moja zilibadilika mwaka hadi mwaka: egemeo lilirefushwa, kiegemeo cha kichwa kikaongezwa, mkono wa kulaza siti ukahamishwa. Agiza kwa mwaka na kwa picha ya siti yako mwenyewe, kwa kuwa baada ya miongo kadhaa siti nyingi si zile zilizotoka na gari kiwandani. Kama unakusudia kuvisha na ya nyuma, agiza pamoja. Reksini ya toleo moja na ya toleo jingine hutofautiana rangi hata namba yake ikiwa ile ile.

Uliza pia kama kava ina mifuko ya waya kwa ndani. Siti nyingi zina mabonde, yale mapito yanayotenganisha katikati na mbavu. Kinachoyashusha chini ni waya uliopita ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa nyuma ya mshono, nao waya unafungwa kwenye springi. Kava hushonwa ikiwa na mifuko, waya ni juu yako. Wale wanaotupa kava ya zamani kabla ya kuzitoa waya zake hujikuta wanakunja waya mpya kwa kukisia.

Matundu ya mkono wa kulaza siti na ya nguzo za kiegemeo cha kichwa mara nyingi huja hayajakatwa. Ni vizuri hivyo. Subiri kava ikazwe kabisa, tafuta tundu kwa ncha ya msharasi, kisha kata alama ya msalaba ndogo kuliko unavyodhani inahitajika. Tundu lililokatwa mapema husogea sentimita nzima kava inapovutwa.

Kukata na kushona mwenyewe

Hapa uamuzi wa kwanza ni cherehani. Penye paipini, ile kamba iliyofunikwa kwa mkanda na kushonwa kwenye mshono, sindano inapita tabaka nne: vipande viwili vya pembeni na mkanda wa paipini uliokunjwa kuwa tabaka mbili, juu yake sponji nyembamba ya kushonea. Paipini inapoungana na mshono mwingine, tabaka hufika sita au zaidi. Kunja mabaki ya reksini tabaka sita na ujaribu. Cherehani ya nyumbani nyingi hupita mbili bila shida, kwenye nne zinaruka mishono, kwenye sita zinapinda sindano. Kazi hii inataka cherehani ambayo guu la juu linatembea sambamba na meno ya chini, kwa sababu reksini hunata kwenye guu la kawaida na kipande cha juu hubaki nyuma ya cha chini. Kwenye mshono wa sentimita 50 tofauti ya milimita 8 si ajabu, na tofauti hiyo ndiyo mkunjo utakaouona kila ukifungua mlango.

Uzi uwe wa poliesta au nailoni wa kazi za siti, ambao nyuzi zake zimegandishwa pamoja: Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) kwa mishono ya ndani, Tex 90 kwa mshono wa juu unaoonekana. Nailoni ina nguvu na inavutika, poliesta inastahimili jua vizuri zaidi. Kwa gari la wazi chagua poliesta bila kusita. Uzi wa pamba wa nguo usifikirie hata kidogo.

Vigezo vitoe kwenye siti ya abiria. Ya dereva imevutika, na ukinakili vipande vyake unanakili uchovu wake. Kabla ya kufumua, andika jina na mshale wa kuelekea mbele kwenye kila kipande, na uchore vistari vya kulinganisha vinavyokatiza mshono kila baada ya sentimita 8 hadi 10. Kwenye kona viweke karibu zaidi. Fumua, laza vipande chini ya kitu kizito usiku kucha, vichore kwenye karatasi ngumu, kisha nyoosha mistari iliyopaswa kuwa minyofu. Acha nafasi ya mshono ya milimita 12 pande zote. Kwa siti ya dereva geuza kigezo kifudifudi, kwani siti hizi zinatazamana kama mtu na kioo. Siti ya dereva yenyewe usiifungue mpaka ya abiria iwe imekamilika. Ndiyo kielelezo chako pekee cha mshono gani ulilala upande gani.

Sehemu ya katikati yenye mifereji, ile mistari ya mishono iliyopangwa sambamba juu ya sponji, ndiyo inayowaangusha wengi. Kila mfereji unaoshonwa juu ya sponji unakula upana, na kadiri sponji inavyokuwa nene ndivyo inavyokula zaidi. Ukikata kipande kwa kipimo cha mwisho halafu ukashona mifereji kumi, kitarudi kifupi kwa sentimita kadhaa. Fanya kinyume: kata mstatili mkubwa, uweke juu ya sponji ya milimita 10 hadi 12 yenye kitambaa nyuma, shona mifereji yote kuanzia katikati kwenda nje, ndipo uweke kigezo juu na kukata umbo.

Paipini ya siti hutumia kamba ya milimita 4 hadi 5 na mkanda wa upana wa milimita 40 hivi. Andaa mita 3 hadi 4 kwa kila siti yenye paipini kuzunguka kikalio na egemeo. Penye kona chana vipindo vya mkanda kila baada ya sentimita moja, ukiishia milimita 3 kabla ya mshono. Nafasi zote za mshono zilale upande mmoja. Zikibadilishana, paipini itapinda kama nyoka hata kama umeshona mstari mnyoofu.

Kata kava moja ya majaribio kwa kitambaa cha bei ndogo kisichovutika. Wanaoruka hatua hii huilipa kwa ngozi.

Ngozi, reksini au kitambaa

| | Ngozi | Reksini ya gari | Kitambaa cha gari |
|---|---|---|---|
| Kiasi kwa siti mbili | Ngozi nzima 1 kubwa, karibu mita za mraba 5 | Mita 3.5 hadi 4 za jora la sentimita 137 | Sawa na reksini. Ongeza nusu mita kama kina mistari |
| Unene | Milimita 1.0 hadi 1.4 | Milimita 1 hivi | Hutofautiana sana |
| Sindano | Ncha ya kukata, 110 hadi 125 | Ncha ya mviringo, 110 | Ncha ya mviringo, 100 hadi 110 |
| Urefu wa mshono | Milimita 4 hadi 5 | Milimita 4 | Milimita 3 hadi 3.5 |

Sindano ya ngozi usiitumie kwenye reksini: ncha yake inakata badala ya kusukuma nyuzi, na mshono unakuwa mahali pa kuchanikia.

Ngozi inasamehe wakati wa kuvisha, inavutika na kutulia, lakini haisamehi wakati wa kukata. Sehemu ya mgongo wa mnyama ni imara na haivutiki sana. Ya tumbo inalegea. Vipande vya kukalia na mbavu vitoke mgongoni, vya nyuma ya egemeo na vya chini vitoke pembeni. Kuna njia ya kuokoa ngozi isiyo ya aibu: magari mengi ya kifahari ya Uingereza yalitoka kiwandani yakiwa na ngozi pale tu mwili unapogusa, na reksini ya rangi ile ile pembeni na nyuma. Ukifanya hivyo kwenye gari la namna hiyo, unafuata uhalisi wake.

Reksini ni rahisi kukata kwa kuwa jora ni sawa mwanzo hadi mwisho. Chukua yenye mgongo wa kitambaa kilichofumwa kwa kuvutika, na iwe ya gari, si ya makochi. Ya makochi hukakamaa kwa joto la gari lililoegeshwa juani. Isitoshe, vitu vya ndani ya gari hupimwa kasi ya kuungua: kanuni ya Marekani FMVSS 302, iliyoanza kutumika 1972, hairuhusu moto utambae zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Gari lako linaweza kuwa la kabla ya kanuni hiyo, wewe unayekaa ndani yake si wa kabla.

Kitambaa ni cha kuchagua kama gari lilitoka nacho. Mahameli ina mwelekeo wa manyoya. Kipande kimoja kikigeuzwa kitaonekana cha rangi nyingine.

Sponji: kuongeza, kukata au kununua iliyomiminwa

Sponji ya zamani ikiwa hai lakini imeshuka kidogo, bandika juu yake tabaka la milimita 12 na kava itajaa. Usizidishe milimita 25, la sivyo mishono itapanda juu ya kingo na zipu au pindo halitafika. Ikiwa imekufa, iliyomiminwa kwa umbo la siti yako ni bora kuliko kuchonga kwenye kipande cha bapa, kwa sababu ina mabonde ya waya tayari. Ukilazimika kuchonga, tumia sponji ya uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya ujazo kwenye kikalio, na kilo 30 hadi 35 kwenye egemeo. Kumbuka uzito na ugumu ni mambo mawili: sponji inaweza kuwa ngumu leo na nyepesi, ikashuka ndani ya mwaka.

Kati ya springi na sponji rudisha kitambaa cha gunia au turubai jepesi. Bila hicho springi zinakata sponji kutoka chini. Gundi iwe ya kustahimili joto, na ipakwe mbali na mstari wa mshono, kwani ikikauka hapo inakuwa tuta gumu linalohisika ukikaa.

Kufunga kava kwenye fremu

Angalia kava ya zamani imeshikwaje, kwa kuwa hapa ugumu wa kazi unatofautiana sana. Beetle ina meno ya chuma kwenye fremu ambayo pindo la kava linachomekwa. Hakuna kifaa maalumu kinachohitajika ila vidole vitaumia. Magari mengi ya Uingereza hutumia gundi na klipu za chuma zinazobana kava kwenye bomba la fremu. Ya Marekani hutumia pete za waya zenye umbo la C, za milimita 19 hivi, zinazokazwa kwa koleo lenye mfereji mdomoni. Koleo la kawaida huziponyoka na kutoboa kava. Pakiti ya pete 200 inatosha siti mbili na kubakiza za kurudia.

Utaratibu ni mmoja kwa zote, ingawa hapa unaelezwa kwa pete. Iache kava ipate joto, juani au kwa draya ya nywele. Funika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kava iteleze, kisha uuchomoe, maana ukibaki hulia kila ukijisogeza na kushika unyevu. Anza na waya wa bonde la katikati: bonyeza bonde kwa goti, ingiza pete izunguke waya wa kava na waya wa springi kwa pamoja, ndipo ubane. Pete ikishika kitambaa peke yake bila waya, itachana ndani ya miezi. Weka pete nne tu za muda, mbele, nyuma na pembeni, kisha simama mbele ya siti uone kama mishono imekaa juu ya kingo za sponji. Ikiwa imepinda, fungua sasa. Ukiridhika, endelea kutoka katikati ya kila upande kwenda kona.

Mikunjo midogo inayobaki kwenye ngozi na kitambaa huondoka kwa mvuke. Kwenye reksini tumia hewa ya moto kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 huku mkono ukitembea. Ukisimama mahali pamoja vinyweleo vya reksini vinayeyuka na kung'aa. Mkunjo wa mlalo kwenye ukingo wa mbele, unaorudi kila siti ikipoa, hauhitaji joto zaidi. Hapo sponji imepungua, na dawa ni kufungua na kuongeza tabaka.

Wakati wa kurudisha siti, boliti ziwe zile za awali au mpya za daraja lile lile, kwa sababu ndizo zinazoishika siti, na kwenye baadhi ya magari mkanda pia, gari linapogonga. Paka reli grisi, sukuma siti mbele na nyuma mpaka mwisho, na uhakikishe kufuli ya reli inaingia pande zote mbili kabla ya kuliendesha gari.